Mita Mbili za Mwenyewe

Ilianza na kiti.

Binti wa Mzee Rula alikuwa karani wa tiketi katika stesheni kuu ya mji. Jioni moja alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akasema kwamba kiti chake kimeanza kugonga ukuta.

"Si ukisogeze mbele," alisema baba yake. Alikuwa mezani anaandika, hakuinua macho.

"Nikikisogeza mbele magoti yanagonga meza. Mwaka wa tatu huu nakalia kiti kile kile, baba, na sijawahi kugonga kitu. Leo kila nikiinuka, tak! Wenzangu wananicheka. Wanasema chumba hakijapungua, mimi ndiye niliyeongezeka."

"Na si kweli?"

"Baba!"

Walicheka wote wawili. Lakini kicheko cha Mzee Rula kilikatika mapema, na kalamu yake ilisimama juu ya karatasi mpaka wino ukafanya doa.

"Kinagonga ukuta upi?" aliuliza.

"Ule wa upande wa vifurushi. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kula kwanza, chakula kinapoa."

Mzee Rula alikuwa mchora ramani wa shirika la reli mpaka alipostaafu. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakuonekana hata siku moja bila rula ya sentimita thelathini mfukoni mwa shati. Hata siku ya harusi yake, walisema, bwana harusi alivaa rula. Mkewe alikuwa ameshafariki, na katika nyumba ile ndogo ya vyumba viwili na sebule alikaa na binti yake peke yao, wakiishi kwa utani na mapenzi. Binti aliamini kwamba baba yake hajawahi kusema uongo, kwa sababu tangu utotoni alimwona akipima kila kitu mara mbili.

Sasa stesheni ilikuwa inatimiza miaka mia moja, na mkuu wa stesheni alimwomba aandike kijitabu cha historia ya jengo. "Kwa lugha nyepesi, mzee wangu," alimwambia, "hata mtoto wa shule aelewe." Kwa hiyo Mzee Rula aliandika kwa lugha nyepesi. Aliandika kwamba mwanzo palikuwa na banda la mabati tu juu ya nguzo za mbao, na abiria walisubiri wamekalia mizigo yao. Kisha ukajengwa ukumbi wa mawe, wenye matao saba upande wa barabara, na kuba ambalo kwa ndani lilipakwa rangi ya samawati ili msafiri akiinua macho adhani bado yuko nje. Kisha, miaka ishirini baadaye, ukaongezwa upande wa kaskazini: vyumba vinane katika mstari mmoja, na mwisho wake mnara wa saa.

Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo hakuliandika, na kila alipolifikia alinyanyuka kwenda kunywa maji.

Katika ofisi ya mkuu wa stesheni ilining'inia ramani ya zamani, iliyochorwa juu ya kitambaa kilichopakwa nta. Mchoraji wa kwanza alichora banda. Wa pili akaja, akachora ukumbi juu ya kitambaa kile kile. Wa tatu akachora vyumba vinane. Watu watatu wa vizazi vitatu, waliokuwa hawajuani, na kila mmoja aliacha pale pale, katika sehemu ile ile, mstatili mwembamba usio na kitu. Katika zama za banda mstatili ule ulikuwa kipande cha ardhi kisicho na nguzo. Katika zama za ukumbi ulikuwa uwanja mtupu kando ya ukuta. Walipojenga vyumba vinane ulijikuta katikati ya chumba cha tiketi na chumba cha vifurushi, umezungushiwa kuta pande nne, bila mlango, na tundu moja tu la hewa juu kabisa. Ndani yake, kwa miandiko mitatu tofauti, yalikuwa yameandikwa maneno mawili: *ya mwenyewe*.

Waashi wa kale walisimuliana kwamba pale kila msingi uliochimbwa mchana ulikutwa asubuhi umefukiwa, na kamba za kunyooshea ukuta zilikutwa zimesogezwa pembeni, zimefungwa vizuri, kana kwamba zimefungwa na fundi. Mwashi mkuu hakubishana. Alipima zile kamba mahali zilipohamishiwa, akajenga kwa kuzifuata, akaacha nafasi. Mwenyewe ni nani, hakuna aliyeuliza. Ilitosha kumwachia nafasi yake na kumwandika.

Miaka kumi na tisa nyuma, Mzee Rula alipewa kazi ya kupima stesheni yote upya. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anashika ncha ya futi kamba na kusoma namba kwa sauti. Wa pili anairudia namba ile kwa sauti, kisha ndiyo anaiandika. Anasoma huyu, anarudia yule, kutwa nzima, kama watoto wanaojifunza hesabu. Aliyekuwa anamsomea alikuwa mwanamume mpole aliyemzidi umri kidogo, na kwa kuwa siku zote alikuwa na futi kamba mkononi, walimwita Kamba.

Walipomaliza upande wa kaskazini, hesabu ilikataa. Nje ukuta ulikuwa mrefu kuliko vyumba na kuta za ndani vikijumlishwa. Tofauti ilikuwa mita mbili nukta nne.

Kamba alikwenda akagonga ukuta wa chumba cha tiketi kwa kifundo cha kidole. "Bosi, hapa ndani ni patupu. Sikia. Ni ile nafasi ya kwenye ramani ya kitambaa. Tuiandike."

Lakini ilikuwa Jumamosi, na mhandisi aliitaka ramani Jumatatu. Mzee Rula, ambaye wakati ule hakuwa mzee, aliona haya kupeleka mbele ya msomi ramani yenye chumba kisicho na mlango. Angechekwa. Basi jioni ile, peke yake, alifanya dhambi ambayo wachora ramani wanaijua na wameipa jina la upole: aligawa tofauti. Mita mbili nukta nne, vyumba vinane, kila chumba akakiongezea sentimita thelathini. Rula moja kamili. Hesabu ikafunga vizuri sana, na mstatili ukatoweka.

Baadaye rafu za chumba cha vifurushi zilitengenezwa kwa kufuata ramani yake, na zilipoletwa hazikuingia. Mhandisi akauliza nani amekosea. Mzee Rula alisema, "Mshika kamba alisoma vibaya."

Kamba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Bosi, mimi nilisoma, na wewe ukarudia." Mzee Rula akaitazama rula yake. Kabla ya jua kutua Kamba alikuwa hana kazi.

Tangu hapo Kamba alikuwa mpagazi katika stesheni ile ile, akibeba mizigo ya abiria mlango wa kaskazini. Vijana wa siku hizi walidhani anaitwa Kamba kwa sababu ya kamba zake za kufungia mizigo. Na Mzee Rula, kwa miaka kumi na tisa, kila alipokwenda stesheni alipita mlango wa nyuma, penye mapipa ya taka.

Jioni ile ya kiti alikumbuka kitu kimoja. Asubuhi hiyo hiyo mkuu wa stesheni alimpigia simu kwa furaha. "Mzee wangu, kile kitambaa kilicholiwa na mchwa tumekitoa, tumekichoma. Tumetundika ramani yako. Safi kabisa!"

Maana yake ni kwamba mwenyewe sasa hakuwa ameandikwa popote.

Siku ya pili binti alisema kabati la chuma limeegemea meza. Siku ya tatu alisema karani wa vifurushi naye analalamika. Siku ya nne harufu iliingia nyumbani kwao. Ilikuwa harufu ya chokaa mbichi, kana kwamba kuna ukuta uliopakwa sasa hivi, na chini yake harufu ya moshi wa makaa ya mawe, ambao treni za mji ule zilikuwa zimeacha kuutoa kabla binti hajazaliwa.

"Jirani anajenga?" aliuliza binti.

"Labda," alisema Mzee Rula.

Alasiri ya siku ya tano, binti akiwa kazini, Mzee Rula alikuwa amekaa sebuleni na kijitabu chake, aliposikia sauti anayoijua kuliko sauti ya moyo wake. Ilikuwa sauti ya futi kamba inayovutwa taratibu kwenye kasha lake, *srrrrr*, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kisha ikaachiwa, *tak*. Ikatulia. Halafu, kutoka ndani ya ukuta unaotenganisha chumba chake na cha binti, mtu akasema kwa upole wa kikazi:

"Mbili nukta nne."

Ikanyamaza, ikisubiri.

Mzee Rula hakusogea. Alijua inasubiri nini, maana kila namba inayosomwa lazima irudiwe, na kwa muda wote ule ambao jua lilikuwa linawaka dirishani na mwuza mboga anapita nje akitangaza mchicha wake kama siku yoyote ya kawaida, yeye alikaa amebana meno, akihisi namba ile imekaa juu ya ulimi wake mwenyewe kama kipande cha chokaa, akijua kwamba akiirudia atakuwa amekiri, na asipoirudia yule wa ukutani atasoma tena.

Akasoma tena. "Mbili nukta nne."

Binti aliporudi alikuta baba yake amekaa nje kibarazani. Aliingia ndani, akatoka mbio.

"Baba, kitanda changu kimebana mlango wa kabati! Nani amekisogeza?"

"Hakuna aliyekisogeza."

"Basi na huku kunapungua." Alishika kifua. Siku hizo alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, kama mtu aliyepanda ngazi. "Baba, mimi naogopa. Nimemwambia mganga aje kesho. Usinikatalie."

Hakumkatalia.

Mganga alikuja saa nane mchana, mtu mnene mwenye mkoba mkubwa wa ngozi na maneno mengi. Alifukiza ubani, akazunguka sebule, akapiga kuta kwa kiganja, akasema hili ni jambo dogo, yeye amewahi kutoa majini saba katika nyumba moja, tena yana watoto. Kisha akafika kwenye ule ukuta. Akaweka sikio. Maneno yakamwisha.

Alipogeuka uso wake ulikuwa umelowa.

"Mimi nafukuza wageni," alisema polepole. "Huyu si mgeni. Huyu alikuwepo kabla ya mji. Anataka nafasi yake, basi. Kuna mtu aliifuta." Alimtazama Mzee Rula, si kwa ukali, bali kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa. "Namsikia na futi kamba. Futi kamba ina ncha mbili, mzee wangu. Moja ulishika wewe. Ya pili alishika nani?"

Binti naye alimgeukia baba yake. "Nani, baba?"

Hapo Mzee Rula alikuwa na nafasi. Baadaye, kila alipoikumbuka saa ile, ilimchoma kuliko yote, zaidi hata ya ile ya mbele ya mhandisi, kwa sababu mbele ya mhandisi alikuwa mfanyakazi mwoga, lakini hapa alikuwa baba aliyetazamwa na macho ya mwanawe. Alimwona Kamba amesimama na kofia mkononi. Akaona haya, na haya ikamfumba kinywa na kukifumbua kwa neno lingine.

"Alishakufa," alisema.

Ndani ya ukuta ikasikika sauti nyembamba sana, *kwaru, kwaru, kwaru*, ya penseli juu ya karatasi. Kuna aliyekuwa anaandika.

Mganga alifunga mkoba wake. Hakudai chochote. Mlangoni mkoba uligoma kupita, mlango ule ule alioingilia nao, akauvuta mara tatu huku jasho linamtoka. Siku nyingine binti angecheka. "Kama amekufa, basi mtafute kaburini," alisema mganga, mkoba ulipochomoka. "Lakini mtafute."

Kesho yake saa saba mchana, treni ya adhuhuri ilipokwisha kuondoka, simu ikalia. Alikuwa mkuu wa stesheni, anahema.

"Mzee wangu, njoo. Binti yako yuko ndani ya chumba cha tiketi, mlango haufunguki. Njoo upesi!"

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa Mzee Rula alipita mlango wa kaskazini.

Foleni ya abiria ilikuwa ndefu, na wa nyuma walikuwa bado wanatania. "Dada, umefungiwa au umegoma?" Wa mbele hawakutania, kwa sababu walikuwa wanaona. Nyuma ya nondo za dirisha la tiketi uso wa binti ulikuwa umebandikwa kama stempu. Kabati la chuma limesukuma meza, meza imesukuma mlango unaofungukia ndani, na yeye amebaki kati ya meza na dirisha, na nyuma ya vyote hivyo ukuta wa chokaa, mweupe, umelowa, umekuja karibu kuliko unavyotakiwa kuwa.

"Baba," alisema kwa pumzi iliyobaki. "Unasukuma. Hausukumi kwa hasira. Unasukuma taratibu, kama mtu anayetaka kupita."

Mlangoni alikuwa amepiga magoti mzee mmoja mwenye kamba za mizigo begani, ameshika nondo iliyopinda. Aligeuka. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, lakini upole ulikuwa ule ule.

"Bosi," alisema Kamba, kama vile waliachana jana. "Ukuta huu hausogei kwa nondo. Umekuja na karatasi?"

Mzee Rula alikuwa na kijitabu chake. Kamba alitoa katikati ya kamba zake futi kamba ya kitambaa, kuukuu, namba zake zimefifia. Aliikokota kwenye ukuta wa nje, kwenye jukwaa, kutoka pembe ya ukumbi hadi mguu wa mnara.

"Arobaini na moja nukta sita!"

"Arobaini na moja nukta sita," alirudia Mzee Rula.

"Vya ndani hatuna haja ya kupima," alisema Kamba. "Ninavyo." Akafumba macho, akataja vyumba vinane na kuta zake, kimoja baada ya kingine, bila kukosa nukta moja. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amevibeba kichwani pamoja na masanduku ya watu. Mzee Rula alirudia kila namba, akaandika, na kila alipoandika aliona rula moja ya uongo wake ikitoka.

"Jumla?"

"Thelathini na tisa nukta mbili."

"Tofauti?"

"Mbili nukta nne."

Ukuta ulitoa mlio mrefu. Binti alipiga kelele ndogo, ikakatika.

"Tofauti ni ya mwenyewe," alisema Kamba. "Hiyo wote tunajua. Kosa ni la nani, bosi?"

Mzee Rula alinong'ona kitu.

"Sisi hatukufundishwa kurudia kwa kunong'ona."

Basi akasema kwa sauti, mbele ya foleni, mbele ya mkuu wa stesheni, mbele ya dirisha, chini ya saa kubwa ya ukumbi. Alisema, "Kosa ni langu. Huyu alisoma sawa. Na mimi nilirudia sawa, kisha nikakaa peke yangu nikaandika uongo, na aliyefukuzwa akawa yeye." Masikio yalimwaka moto. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimwumiza zaidi. Mkuu wa stesheni alileta ile ramani safi kutoka ofisini, na Mzee Rula akakivunja kioo chake sakafuni, akapiga magoti, akachora kwa penseli nyekundu mstatili mwembamba kati ya tiketi na vifurushi. Ndani yake akaandika: *ya mwenyewe*.

Ukumbi mzima ulisikia. Haikuwa ngurumo. Ilikuwa pumzi, ndefu, ya mtu aliyeketi baada ya kusimama sana. Mlango ukafunguka wenyewe.

Binti alitoka ametapakaa chokaa kuanzia nywele hadi viatu. Mtu wa kwanza aliyemshika mkono alikuwa Kamba. "Pole, mwanangu. Vuta pumzi. Hivyo hivyo." Kisha abiria mmoja akaita mpagazi, treni ya saa nane inaingia, na Kamba akaenda zake na kamba zake begani. Hakusubiri shukrani.

Binti alimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye jukwaa.

"Huyu namwamkia kila asubuhi," alisema. "Mvua ikinyesha ananishikia mwavuli. Ndiye aliyeshika ncha ya pili?"

"Ndiye."

"Ulisema amekufa."

Mzee Rula aliinama kuokota vipande vya kioo.

"Yale ya ramani umeyasema mbele ya watu, vizuri. Lakini mtu aliye hai umemzika mbele yangu, baba, ili mimi nisikuone mbaya. Hilo hajalisikia. Simwambii mimi. Utamwambia wewe."

Siku zilizofuata kiti hakikugonga tena ukuta. Nyumbani kitanda kilirudi mahali pake, na mlango wa kabati ukafunguka wote. Binti alipika, akaosha vyombo, akajibu alipoulizwa, lakini utani uliisha katika nyumba ile. Na harufu ya chokaa haikuisha yote. Ilibaki kidogo, pale kwenye ukuta kati ya vyumba viwili.

Jumapili alasiri binti alijitanda mtandio. "Naenda kumleta Mzee Kamba aje anywe chai," alisema. "Kaa nyumbani."

Mzee Rula alikaa. Alijaribu kupanga maneno, yakakataa kupangika. Mikono yake haikuzoea kusubiri, basi akachukua futi kamba yake ya zamani apime nyumba, apate uhakika kwamba kila kitu kimerudi. Nje alipima peke yake, akibana ncha kwa jiwe. Akaingia ndani, akaanza kutafuta msumari wa kutundikia ncha ukutani, na hapo akasikia kutoka chumba cha binti sauti ile ya upole:

"Lete ncha, nishike, bosi."

Moyo ulimtulia. Wamepita mlango wa uani, alifikiri. Alirusha ncha ya futi kamba kupitia mlango uliokuwa nusu wazi, ikashikwa, ikakaza.

"Mbili nukta tisa."

"Mbili nukta tisa," alirudia, akaandika.

Wakapima hivyo, chumba kwa chumba, yule akisoma, yeye akirudia, mkono wake ukikumbuka furaha ya kazi nzuri, na lo, ilikuwa furaha kweli, mpaka akajikuta anatabasamu peke yake sebuleni. Alijumlisha. Ndani na nje havikulingana. Zilipungua sentimita thelathini. Rula moja, kati ya chumba chake na cha mwanawe.

Alijua ni za nini. Na kwa kuwa mwenzake alikuwa nyuma ya mlango, na uso wake hauonekani, aliona ni rahisi zaidi kusema sasa kuliko watakapokuwa wamekaa na vikombe mkononi, basi akaegemea ukuta, akafumba macho, akasema yote kwa mkupuo mmoja, kwamba mganga alimwuliza na yeye akajibu amekufa, kwamba hakumtakia mauti ila alimwonea haya, kwamba kwa miaka kumi na tisa alipita penye mapipa ya taka ili asikutane na macho yake, na kwamba kama kuna aliyestahili kufutwa kwenye ramani si yeye Kamba.

Nyuma ya mlango, *kwaru, kwaru, kwaru*.

"Nimeandika," ilisema sauti.

Mzee Rula alipumua. Machozi yalimtoka, na mzigo wa miaka yote ukamshuka mabegani. Alikuwa bado amefumba macho aliposikia mlango wa mbele unagongwa.

"Baba, fungua! Tumefika."

Na baada yake kikohozi cha mtu mzima, na ile sauti ya upole, kutoka nje, juani: "Hodi, bosi."

Mzee Rula alifumbua macho. Futi kamba mkononi mwake ilikuwa bado imekaza, imeingia kwenye giza la mlango ulio nusu wazi, na iliposhtuka kidogo aliuhisi mvuto wake hadi begani. Mlango wa mbele ulifunguka. Binti yake aliingia na mgeni, ambaye alisimama kizingitini kwa adabu, kofia mkononi, akisubiri kukaribishwa. Wote wawili walimtazama usoni, wakingoja aseme.

Na kutoka ndani ya ukuta, kwa subira, kama inavyotakiwa katika kazi:

"Rudia, bosi."